Mwenye Nyumba Huonja Kwanza

Niseme mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari: mimi sipiki "ladha za asili". Hayo ni maneno ya watu wa kampuni za utalii, wameyaandika wao kwenye makaratasi yao. Mimi napika chakula cha mchana. Nyumba yetu iko upande wa Momela, chini ya Mlima Meru, pale migomba inapoanza kusongamana na magari ya wageni yanapolazimika kwenda polepole kwa sababu ya mashimo. Wageni wanatoka hifadhini wameshashiba twiga na nyati, vumbi limewaingia mpaka kwenye nyusi, na sasa tumbo linadai haki yake. Dereva anakata kona, wananawa mikono, wanakaa kwenye mabenchi chini ya turubai, wanakula tunachokula sisi. Baadaye wanapiga picha za mlima, kama mlima umekubali kujifunua, wanaondoka.

Katika kuwalisha kwangu nimejifunza jambo moja linaloniudhi mpaka leo. Anayekiogopa chakula chetu kuliko wote si mgeni. Mgeni amekuja kutoka mbali, amelala kwenye hema huku simba wanaunguruma, atashindwaje na ndizi? Anayekiogopa ni mtu wetu wenyewe, yule anayemleta.

Mimi si mzaliwa wa huku mlimani. Nimekulia Sekei, mjini, kwenye nyumba ya kupanga ambako chakula chetu kilikuwa wali na maharage, na siku nzuri chapati. Nilipoolewa huku sikujua hata loshoro linaanzia wapi. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Mahindi yaliyokobolewa yanachemshwa mpaka yanalegea kabisa, yanapondwa pamoja na ndizi, na yakishapoa yanachanganywa na mtindi. Mtindi wenyewe haugandishwi kwenye ndoo ya plastiki. Unagandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mzeituni pori, kwa hiyo maziwa yanatoka na harufu ya moshi na vijichembe vyeusi vya mkaa. Mgeni akiniuliza kama ule ni uchafu, namwambia ale kwanza halafu aniulize tena. Wengi hawaulizi tena.

Sasa, kwenye ukoo huu nilioolewa kuna utaratibu. Mgeni hapewi chakula kabla mkubwa wa nyumba hajakionja mbele ya macho yake. Baba mkwe alipofariki, kazi hiyo ikawa ya mama. Anakaa kwenye kigoda mbele ya wageni, mimi napakua kidogo kutoka kila sufuria na kuweka kwenye bakuli lake, anakula kwa kijiko chake, anameza, anatulia kidogo, kisha anasema, "Karibuni." Maana yake haihitaji mkalimani. Kama humu kuna baya, litaanza na mimi. Mpaka aseme neno hilo hakuna mkono unaogusa upawa, hata wangu mimi niliyeshinda jikoni tangu asubuhi.

Mwaka huu, masika yalipokuwa yanaelekea kuisha, alikuja meneja wa kampuni moja ya mjini. Dada mdogo tu, mchangamfu, amevaa raba nyeupe ambazo udongo wetu ulizishughulikia kabla hajafika mlangoni. Kampuni yake ilikuwa inatafuta nyumba moja ya kuleta wageni wake wote wa msimu. Alikagua choo, maji ya kunawia, jiko, sufuria. Vyote vilimpendeza. Akakaa kula, mama akaonja, akasema "Karibuni", na yule dada akala akamaliza. Nilidhani tumeshapata.

"Mama, chakula ni kitamu, sina neno," aliniambia tulipobaki wawili. "Ila pale kwa bibi tupaangalie."

"Tupaangalie vipi?"

"Wageni wetu ni watu wa tahadhari sana. Wakimwona anakula kwanza huku kila mtu anamtazama, watajiuliza kuna nini humo. Halafu, samahani mama, bibi ameshakuwa mtu mzima. Mkono unatetemeka, chakula kinamdondokea. Kwenye picha haikai vizuri. Wageni wakiwepo yeye apumzike tu ndani."

"Ana bakuli lake na kijiko chake. Hakirudi kwenye sufuria."

"Najua, mama."

"Unajua kwa sababu wewe ni mtoto wa huku huku. Kwenu nani anaonja?"

Alitazama simu yake, ingawa haikuwa imeita. "Ya nyumbani ni ya nyumbani, mama. Hii ni biashara."

Mkataa kwao ni mtumwa. Maneno hayo yalinifika kwenye ulimi nikayameza, kwa sababu alikuwa bado yuko uani kwangu na mgeni hatukanwi. Akaniambia wiki inayofuata angeleta kundi la kwanza na angekuja nalo mwenyewe. Akikuta tumerekebisha, msimu ni wetu. Akikuta hatujarekebisha, kuna nyumba nyingine kule chini karibu na lami inayosubiri nafasi hiyo hiyo. Sitajifanya kwamba halikuwa jambo kubwa. Bati la jikoni lilikuwa linavuja, kahawa haikututendea wema, na watoto wangu wanasoma. Tuliutaka ule msimu, na niliutaka kuliko yeyote.

Mama alikuwa nyuma ya ukuta anachambua mnavu. Alisikia kila neno.

"Mwanangu, mimi nitakaa ndani," aliniambia gari lilipoondoka.

"Hapana, mama."

"Nimeonja vya kutosha. Waache wageni waje. Watoto wale."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Yule meneja nilikuwa nimeshamsamehe nusu, maana ana mabosi wake na ana kodi ya nyumba. Kilichoniuma ni kumwona mama anajikunja mwenyewe na kujiweka pembeni, kama mkeka uliochakaa unavyokunjwa haraka mtu anapobisha hodi. Mwanamke aliyekaribisha watu kwenye nyumba hii tangu yule dada hajazaliwa, leo aambiwe anaharibu picha! Nikamwambia hivi: "Ukikaa ndani, mama, sipakui."

"Utapakua," alijibu bila kuinua macho. "Wewe huwezi kumwona mtu ana njaa ukakaa."

Hapo tukaachana, kila mmoja na msimamo wake. Kwa siku zile zote tuliongea habari za kuni, za ng'ombe, za mvua, na hilo moja hatukuligusa. Siku ya wageni nilipika nimenuna, naongea na sufuria peke yangu. Nilipika loshoro, nikapika ndizi kwa nyama, nikakaanga mnavu. Liwalo na liwe, nilisema, na nikalirudia kwa sauti ili lisikike mpaka chumbani.

Yalikuja magari mawili. Walishuka wazee wa Kizungu wenye kofia pana, wachangamfu, wamechomwa na jua puani. Meneja alishuka nao na tabasamu lake. Walinawa, wakakaa. Nikatoa sufuria moja moja, nikazipanga mezani. Halafu nikaingia ndani, nikachukua kigoda cha mama, nikakiweka mahali pake, mbele kabisa.

Meneja alikiangalia kile kigoda, tabasamu likapungua. Nikaita, "Mama, wageni wamefika!"

Nikaita tena.

"Mama!"

"Endeleeni," sauti yake ilitoka ndani. Kisha nikasikia komeo.

"Basi mama, tupakulie," alisema meneja kwa upole, akiwa ameona mambo yamejinyoosha yenyewe.

Nikachukua upawa, nikaushika, nikakaa kwenye benchi nao mapajani. "Hakijaonjwa," nikamwambia.

"Si uonje wewe?"

"Mimi si mkubwa wa nyumba. Mkubwa yupo, ni mzima, yuko humo ndani. Wewe ndiye uliyemweka."

Alisema mengi. Alisema kwa upole, akasema kwa ukali, akasema kwa kunong'ona. Mimi nilikaa tu. Wageni walitazama sufuria, wakanitazama mimi, wakatazamana wao. Loshoro halina shida, linaliwa limepoa, lakini ndizi nilikuwa naona mvuke wake ukipungua na roho inaniuma. Mama alikuwa amesema kweli. Kumwona mtu ana njaa nikakaa ni adhabu, na nilikaa nayo. Ningeweza kuinuka wakati wowote, nikapakua, nikapata msimu wangu, na mama angenisamehe. Ndiyo maana sikuinuka.

Mwishowe meneja akamwambia dereva atoe lanchi boksi. Magari ya safari hayatembei bila yale maboksi. Yakagawiwa, yakafunguliwa juu ya meza yangu, pembeni ya sufuria zangu zilizojaa: kipaja cha kuku wa baridi, yai la kuchemsha, kipande cha keki, juisi ya pakiti. Wageni wa watu hawakuwa na kosa, walifanya walichoambiwa. Lakini mimi, nisikilizeni, nimezaliwa mjini ambako watu wanakula wamesimama barabarani, na bado mwili ulinisisimka. Kula chako kwenye ua wa mtu aliyekupikia ni kumwambia usoni kwamba nyumba yake haina chakula.

Makaratasi ya yale maboksi yana kelele. Komeo likafunguka.

Mama alitoka na mkongojo, amejifunga kanga yake kiunoni kama mtu anayekwenda shamba. Akauliza kwa Kimeru, "Nani anakula chake kwenye ua wangu?" Dereva, mtu wa makamo kutoka Kilimanjaro, alielewa sura yake kabla ya maneno. Alisimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe unajua lugha yao?"

"Najua, bibi."

"Waambie kwangu hajawahi kuja mtu akala alichokuja nacho. Waambie wafunike."

Meneja alifungua mdomo. Mama hakumtazama. Dereva akawaambia wageni, kwa Kiingereza kirefu kuliko alichoambiwa, na nikaona mikono inasita juu ya maboksi. Mama akakaa kwenye kigoda chake, akaninyooshea bakuli. "Pakua," akaniamuru, na sikungoja niambiwe mara ya pili.

Alianza na loshoro. Mkono ulitetemeka, likadondoka kwenye kanga, hakulifuta. Akaja kwenye ndizi. Kijiko cha kwanza kilipoingia alisita kidogo, nikadhani anavuta pumzi. Kisha akaendelea. Siku nyingine huwa anachukua vijiko viwili, inatosha. Siku hiyo alikula ndizi zote nilizompa, akanyoosha bakuli niongeze, akala tena, polepole, macho yake yakiwa kwa yule dada mwenye raba nyeupe bila kupepesa. Alipomaliza akaweka kijiko chini.

"Karibuni," alisema. Lilitoka kama amri.

Siwezi kudanganya kwamba wote walikula. Bibi mmoja alishikilia keki yake mpaka mwisho. Wengine walifunika maboksi na kusogeza sahani, na mzee mmoja alirudi kwenye loshoro mpaka nikamwonea huruma tumbo lake. Walikunywa maji mengi sana, ndoo nzima ikaisha, nikasema ni jua. Dereva alikaa akala pamoja nao. Meneja hakula. Alisimama karibu na gari anaongea na simu mpaka walipomaliza.

"Mama, umejiharibia mwenyewe," aliniambia wakati wa kuaga. Nadhani alikuwa na huzuni ya kweli.

"Heri lawama kuliko fedheha," nikamjibu, na nikamfungulia mlango wa gari kwa heshima zote.

Msimu walipewa wale wa karibu na lami. Bati la jikoni bado linavuja, nimetega beseni. Wapo madereva wengine wanaoleta wageni wao wachache wachache, na wakifika wanajua kwamba wataisubiri "Karibuni" ya mama hata kama wanakimbizana na muda wa geti. Asiyetaka kusubiri, barabara aliyojia ndiyo ya kurudia. Simwombi mtu radhi kwa hilo.

Lakini mchana ule, magari yalipoishia kwenye kona, mimi na mama tulibaki na sufuria. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Nikajipakulia ndizi, nikaweka tonge la kwanza, nikalitema. Chumvi! Kwa hasira zangu zile nilikuwa nimetia mara mbili, pengine tatu. Ulimi uliwaka. Nikakumbuka ile ndoo ya maji, na mabakuli mawili aliyoyamaliza mama.

Huyu mama, mjue, hajawahi kunionea haya. Ameshanirudisha jikoni mbele ya wakwe, mbele ya majirani, mbele ya mchungaji siku ya ubatizo, kwa chumvi ambayo mtu mwingine asingeitambua.

"Mama, hizi ndizi haziliki! Mbona hukusema?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Mbele ya yule?" alisema. Akaomba maji, akanywa kikombe chote, akaomba tena.