Nusu ya Jina la Pikipiki

Watu wa Kariakoo waliiita pikipiki kwa sababu ya mlio wake, na hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza. Wengine walisema tukutuku. Mlio ni ule ule, masikio ndiyo mengine. Lakini ile ndogo niliyoipata mimi, baiskeli iliyofungwa injini, ilikuwa na jina lake la Kizungu, moped. Mzee wa Kihindi wa Mchafukoge, muuza vipuri aliyeniuzia, alinifafanulia: Wazungu wamekata kipande cha mota na kipande cha pedeli, wakavibandika pamoja. Bila kukanyaga pedeli haiwaki, na kilimani haipandi. Nikamwuliza mara mbili, akanijibu mara mbili.

Mteja wangu alikuwa mpeleka mikate. Mguu wake wa kushoto ulilemaa tangu utotoni, akawa anatembea na kikapu kichwani, fimbo mkononi. Mwenye tanuri alikuwa amempa wiki moja: mikate ifike Ilala kabla watu hawajanywa chai, ama sivyo kazi apewe mwingine.

Kabla hajafika niliiwasha mwenyewe, nikaiacha ingurume. Akauliza kama inataka miguu. Nikamwambia asikilize jina: pikipiki, mlio wa injini, sasa miguu imetajwa wapi humo? Akacheka, akaomba nimpunguzie bei. Nikapunguza upesi, jambo ambalo lingemtisha yeyote anayenijua. Akapanda, akauzunguka mtaa kama bwana harusi.

Kesho yake injini ilikuwa baridi. Alikanyaga kwa mguu mmoja kwenye mchanga wa barabara yetu, ikaanguka naye. Wachukuzi wa sokoni walimsukuma siku mbili huku wakicheka. Siku ya tatu wakamwambia mzigo wa namna yake una nauli. Mikate ikafika jua limepanda. Mwenye tanuri akamkabidhi kikapu mmoja wa wachukuzi wale wale. Huyo alikuwa na miguu miwili mizima, niliihesabu.

Mpeleka mikate akaja kwangu anaikokota. Alikuwa amepitia kwa yule mzee wa vipuri akidhani injini ni mbovu, na mzee akamweleza jina lote. Hakupaza sauti.

“Kaka, ulijua?”

“Nilijua.”

“Ungeniambia, nisingenunua.”

“Ndiyo maana sikukuambia.”

 Kisha akaniomba nimshikie usukani avuke mfereji. Nikamshikia.