Mjomba Korongo na Kreni Yake ya Baharini

Mjomba wangu alikuwa mrefu, mwembamba, miguu kama ufito, na kazi yake ilikuwa kuendesha kreni juu ya mtambo wa kuchimba mafuta katikati ya bahari. Wenzake wakamwita Korongo, na jina likamganda. Yeye naye alimwita mkewe Bibi Harusi, tangu siku ya ndoa mpaka meno yalipoanza kumpungua, na sisi watoto tukalichukua jina hilo tukidhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Niliishi kwao kwa sababu shule ilikuwa karibu. Nyumba za kampuni zilipangwa safu nyuma ya bandari, zote rangi moja, zote mlango wa bluu. Jirani yetu mmoja, mpenda chupa, aliwahi kuingia kwetu akajilaza kwenye kochi, akaanza kumgombeza Bibi Harusi kwa kubadilisha mapazia bila kumwuliza.

Mjomba alikaa wiki mbili baharini, kisha wiki mbili nyumbani. Akirudi tulimjua kwa harufu kabla hajafika mlangoni: dizeli na ile sabuni nyekundu ya kampuni. Kwenye mkoba wake wa turubai hamkukosekana makopo ya matunda, nasi tuliyafungua uani na kugombania sharubati. Halafu aliketi, akavua viatu, akaanza hadithi.

"Kule ni nchi isiyo na serikali," alikuwa akisema, kifua mbele. Na kweli, enzi hizo serikali ilifika kwa nadra. Bwana mkubwa wa wizara alishuka na helikopta, akala vizuri, akatia sahihi alipoonyeshwa, akaondoka. Wizara yake ndiyo iliyouza vibali vya kuchimba, na ndiyo hiyo hiyo iliyotakiwa kukagua wachimbaji. "Nani atamchapa ng'ombe anayemkamua?" mjomba aliuliza, akacheka. Watu walipandishwa mtamboni kwa wavu wa kreni yake, sigara mdomoni. Kofia ngumu zilivaliwa siku ya mpiga picha tu. Tulimsikiliza tukiona raha, kama watoto wanaosikia habari za nchi ya majitu.

Jioni, kutoka kwenye kibaraza cha nyuma, tuliuona moto wa mtambo. Gesi iliyotoka pamoja na mafuta haikuwa na mnunuzi, kwa hiyo iliunguzwa juu ya bomba refu, ikawa nukta nyekundu mwisho wa maji. Bibi Harusi alipokwenda kuanua nguo alisimama kidogo, shati la mumewe begani, akatazama. "Baba yenu yuko salama," alisema. "Jiko lake linawaka."

Rafiki mkubwa wa mjomba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, tukimwita Cheche. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka kwetu. Ndiye aliyenifundisha kupiga mbinja, nami nikachapwa kwa hilo. Hakuvuta sigara hata siku moja. Akipewa alirudisha: "Moto wa kazini unanitosha."

Siku moja asubuhi Cheche aliagizwa kuchomelea bomba lililopasuka karibu na pampu ya gesi. Kuizima pampu kulimaanisha kupoteza uzalishaji wa siku nzima, hivyo haikuzimwa. Mlipuko ulitikisa mtambo mpaka kibanda cha kreni. Mjomba hakukimbia. Aliushusha wavu ndani ya moshi, akaupandisha na watu, akaushusha tena, akawaweka kwenye meli ya mizigo iliyokuwa pembeni. Kila ulipopanda alichungulia nani yumo. Cheche hakuwemo.

Kampuni ikatangaza kwamba fundi aliwasha sigara mahali palipokatazwa. Safari hii magazeti yalipiga kelele, na serikali ikaunda tume. Kabla haijakaa, meneja alikuja kwetu, kapakata kofia yake magotini kama mchumba.

"Mzee, wewe ni mtu wetu," alimwambia mjomba. "Kule juu mtu haoni kila kitu. Sema hukuona, yaishe."

Mjomba aliitazama sakafu. Alikuwa na watoto, na mimi juu yao, na nyumba yenyewe ilikuwa ya kampuni. Meneja alipoondoka, Bibi Harusi alitoka jikoni, mikono ina unga.

"Mjane wa Cheche na mimi tunachota maji bomba moja," alisema. "Ukikubali kwamba mumewe aliwasha sigara, mimi kesho nitachota wapi?"

 Siku ya tume mjomba alivaa suti yake ya harusi, suruali imemwacha vifundo wazi, akasimama mbele ya watu.

"Cheche hakuvuta sigara," alisema. "Redio ya kreni inasikia kila kinachosemwa mtamboni. Nilimsikia akiuliza, 'Pampu imezimwa?' Akajibiwa, 'Fanya kazi, acha maswali.' Hayo ndiyo niliyosikia, na sina mengine."

 Mpishi wa mtambo akasimama kule nyuma akasema naye alisikia. Akafuata mtu wa mabomba. Mjane wa Cheche alikuwa ameketi safu ya mbele. Alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika.

Kampuni ilimwondoa mjomba baharini, ikampeleka bohari kuhesabu kamba. Alikaa huko zaidi ya mwaka, mnyonge kama jogoo aliyenyeshewa. Halafu sheria mpya ikapita. Ukaguzi ulitolewa wizarani ukapewa mamlaka mpya inayojitegemea, isiyouza kibali wala pipa la mafuta. Wakaguzi wakaanza kutua bila kutoa taarifa wala kualikwa. Kuchomelea kukahitaji kibali. Na mfanyakazi yeyote, hata mfagiaji, akiona hatari alikuwa na haki ya kusema "simama," na kazi ikasimama. Ripoti ya tume ilimsafisha Cheche jina. Mjomba akarudishwa kwenye kreni yake.

Ungedhani angefurahi. Aah, wapi! Alinung'unika miaka na miaka. "Siku hizi hata kukohoa kuna kibali," alilalamika. Mara mazoezi ya kukimbia moto, mara miwani, mara mkanda. Wavu wa kupandisha watu ulipigwa marufuku. Hadithi alizorudi nazo zikapungua, na sisi, kwa ujinga wetu wa utoto, tukaona sheria imetuibia burudani. Ilitupita kwamba tangu siku ile hakuna jirani aliyeletewa maiti.

Kisha ukaja mwaka wa kuzimwa moto. Sheria ilikataza kuunguza gesi ovyo. Likatandikwa bomba mpaka nchi kavu, gesi ile ile ije kupikia majikoni. Jioni ya kwanza Bibi Harusi alikwenda kuanua nguo kama kawaida, akasimama, akaikuta bahari nyeusi tupu.

"Wameuzima," alisema.

"Si vizuri?" nilimwuliza. Nilikuwa binti mkubwa sasa, nimesoma, najua kila kitu. "Moshi utapungua."

"Ni vizuri, mwanangu. Lakini hiyo gesi ya jikoni itaniambia kama mume wangu ni mzima?" Akakunja nguo, akaingia ndani.

Mjomba alipokaribia uzee, sheria hiyo hiyo ilimfikia mwenyewe. Waendesha kreni walitakiwa kupimwa kila mwaka, na daktari, mwanamke wa umri wangu, akakuta jicho lake la kulia limeingia ukungu.

"Baba, siwezi kukupitisha," alimwambia.

"Mwanangu, kreni ile naiendesha hata kwa masikio."

"Na wale walio chini ya ndoano, nikawaambie hivyo?"

Alirudi nyumbani akabamiza mlango wa bluu. "Mimi ndiye niliyesimama mbele ya tume!" alifoka. "Mimi! Leo sheria niliyowatafutia inanishusha kama gunia!"

Bibi Harusi alikuwa akichambua mchele. "Sheria ni msumeno, Baba. Ulidhani utakata upande wa meneja tu?"

Siku hiyo hakula. Baada ya siku kadhaa alikwenda kwa mjane wa Cheche kumrekebishia bawaba za dirisha, akakaa huko mpaka alasiri. Aliporudi alinikuta kibarazani, akaketi karibu yangu.

"Ningemwangushia mtu mzigo," alisema polepole, "ningempitia yule mama kwa uso gani?"

Akapewa kazi ya kufundisha vijana ishara za mikono, huku nchi kavu. Alifundisha mpaka alipostaafu, na hakuipenda sana. Alisema ni kama kufundisha kuogelea mchangani.

Mafuta nayo yakaisha. Zamani mtambo ungeachwa uote kutu mpaka udondoke. Sasa sheria ilisema aliyepeleka chuma baharini akakitoe. Wakaukata vipande, wakauvuta mpaka karakana ya vyuma ng'ambo ya bandari. Mjomba alipopata habari alitaka kwenda, na alitaka mkewe aje. Niliwapeleka kwa gari langu.

Mlinzi alitupatia kofia ngumu. Mjomba alimvalisha Bibi Harusi, akamfunga kamba chini ya kidevu, akairegeza, akaifunga tena. Kibanda cha kreni kilikuwa chini, kimelazwa juu ya magogo, vioo vimeng'olewa, rangi ya njano imebanduka. Miaka yote ile Bibi Harusi hakuwahi kukanyaga mtambo. Wake walikuwa hawaruhusiwi.

Alishika ukingo wa mlango, mimi nikamsukuma kwa nyuma, akaingia. Akaketi kwenye kiti kilichochanika, akagusa mishikio, mmoja mmoja. Magoti yake, mfupi kama alivyo, yalikaribia kugusa chuma cha mbele.

"Kumbe padogo hivi!" alisema. "Na miguu yako ile, ulikuwa ukiiweka wapi?"

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Akaegemea mlangoni, akaanza kumwonyesha: huu wa kunyanyua, huu wa kuzungusha, hapa aliweka chupa ya chai, huku ndiko meli zilikotokea. Mlinzi alikuja kutuambia muda umekwisha, akamkuta bado anaeleza, akageuka akaenda zake.