Kocha Asiyegeuka Nyuma

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, uwanja bado una umande, na kocha mkuu anafunga wavu peke yake.

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anavuta kamba, mwingine anafunga fundo. Yeye amejizungushia kamba kiunoni, anarudi kinyumenyume mpaka wavu ukaze, kisha anajipinda na kufunga fundo kwenye nguzo huku mwili wake ndio unaovuta. Akimaliza anaupiga wavu kwa kiganja, anaguna, anafungua na kuanza upya.

"Umelegea," anasema. "Wasichana hawatauona, lakini mimi nitauona siku nzima."

Wanafunzi wanamwita Kocha. Watu wa rika lake wanamwita Rungu, jina alilopewa akiwa kidato cha pili katika shule hii hii ya bweni ya wasichana, kwa jinsi alivyokuwa akiupiga mpira wa wavu hata wapinzani wakawa wanaukwepa badala ya kuupokea. Sasa ana miaka arobaini na mmoja, goti moja linalolalamika kwenye ngazi, na funguo za stoo ya michezo shingoni.

Aliajiriwa mwaka jana, kocha wa zamani alipostaafu. Mkuu wa shule anasema maombi yalikuwa mengi, mengine ya watu wenye vyeti vingi kuliko vyake, lakini bodi haikubishana sana.

"Tulitaka mtoto wa nyumbani," anasema mkuu huyo. "Picha yake iko pale ukutani, ameshika kombe. Nani mwingine ataipenda shule hii kama yeye?"

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Kuhusu kocha hawakusema kitu.

Ili aje hapa, Rungu aliacha kazi ya ghala la vifaa vya ujenzi, na mshahara wake ukapungua kwa theluthi. Amepewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jiko la shule. Na mumewe waliachana zamani, "kwa amani, bila kuvunja sahani." Mwanawe wa pekee anasoma chuo, mji mwingine, na hupiga simu akiishiwa.

Wiki ya kwanza, anasimulia akicheka, kengele ya chakula ililia, naye akachukua sahani na kujipanga foleni na wanafunzi. Alikuwa ameshafika karibu na sufuria ndipo mpishi akamwuliza, "Mwalimu, wewe umefuata nini huku?" Walimu wawili waliomfundisha bado wapo. Yule wa hesabu humwita "wewe mtoto" mbele ya kikao kizima.

"Hayo yanachekesha," anasema. Kisha kicheko kinaisha. "Kuna mengine hayachekeshi."

Hayo mengine yanaanzia kwenye ngazi za zege upande wa mashariki wa uwanja, ambako watazamaji hukaa. Ngazi ya tatu, karibu na bomba la maji, ina wenyewe. Ni wanawake sita waliochukua lile kombe la pichani. Tangu wamalize shule wamekuwa wakija kila timu inapocheza nyumbani: muuguzi, mwenye saluni, mhasibu, mama mmoja wa nyumbani mwenye sauti inayoshinda spika, Rungu mwenyewe, na rafiki yake wa kufa na kuzikana, Sindano.

Sindano alikuwa mpandishaji, yule anayemwinulia mpigaji mpira karibu na wavu. Rungu alipiga, Sindano alipandisha. Enzi za shule, asubuhi walikuwa wakifunga wavu pamoja, mmoja akivuta, mwingine akifunga. Sindano alipojifungua binti yake, Rungu ndiye aliyemwogesha mtoto wiki mbili za mwanzo. Kila Jumapili jioni walipigiana simu, hata kama hawakuwa na la kusema.

"Sisi sita tulimsema kocha wa zamani vibaya sana," anasema Rungu. "Kila Jumamosi. Mtoe huyu, ingiza yule, huyu mzee amelala? Sikujua kwamba kutoka pale mstarini unasikia kila neno. Sasa najua. Nilimfuata kwake nikamwomba radhi, akacheka mpaka akakohoa."

Binti ya Sindano yuko kidato cha nne. Mwaka jana alikuwa nahodha wa timu, na nafasi yake ilikuwa ile ile ya mama yake, upandishaji. Miezi minne iliyopita, Kocha alimweka benchi na kumwingiza msichana wa kidato cha pili.

Sababu anaitoa bila kuipamba. "Yule mdogo anapandisha vizuri zaidi. Mpira wake unafika pale pale kila mara. Wa binti yangu unafika unapopenda wenyewe. Basi. Hakuna siri nyingine."

Anamwita binti yangu. Mazoea hayafutiki.

Jioni ile Sindano alikuja mpaka mlangoni kwa Rungu, akakataa kukaa. "Mtoto amevuliwa unahodha na kuwekwa benchi kwa siku moja," alisema, kwa mujibu wa Rungu. "Nafasi hiyo ilikuwa yangu. Wewe unajua zaidi ya mtu yeyote ilikuwa yangu." Rungu alimjibu kwamba nafasi si urithi. Jibu hilo bado analitafuna.

"Lilikuwa kweli," anasema. "Lakini kuna kweli ya kumwambia mtu amesimama mlangoni, na kuna ya kumwambia amekaa, amekunywa maji. Mimi niliitoa haraka."

Tangu jioni hiyo simu ya Jumapili haijalia. Hujikuta ameiweka mezani uso juu, anapiga pasi nguo za Jumatatu, sikio likiwa kwenye simu. Wale wengine wanne humsalimia kwa mkono, haraka haraka, kama watu waliokutana benki. Binti naye, aliyekuwa akimwita mama mdogo nyumbani na Kocha uwanjani, sasa ana neno moja.

"Ni Kocha kotekote," anasema binti huyo, akiangalia viatu vyake. "Nikisema mama mdogo nitalia, na mimi sitaki kulia hapa."

Inauma, na Rungu hafichi kwamba inauma. Wiki moja tu ya kumrudisha binti ingetosha kumaliza ugomvi, na kila mtu shuleni anajua. Hamrudishi. Alichobadilisha ni kimoja: wakati wa mechi hageuki nyuma.

"Nafasi yangu ilikuwa kati ya Sindano na muuguzi," anasema. "Watakuwa wameshasogea, wamejaza. Ni haki yao, mtu huwezi kukaa kwa kujibana kwa ajili ya mtu asiyekuja. Lakini sitaki kuona. Nikiona sitaweza kufundisha."

Jumamosi saa tisa alasiri mechi inaanza. Mwandishi wa makala haya anapanda ngazi kutafuta mahali pa kukaa. Kumejaa. Ngazi ya tatu kuna pengo la kumtosha mtu mmoja, na juu ya pengo hilo kuna mkoba wa kahawia. Mwandishi anauliza kama anaweza kukaa.

"Hapo pana mtu," anasema mwanamke aliye kando yake, macho uwanjani. Ni Sindano.

Seti ya kwanza inaisha. Ya pili inaisha. Hakuna aliyekuja, na mwandishi, miguu ikimuuma, anauliza tena huyo mtu yuko wapi.

Sindano anaonyesha kwa kidevu. Chini kule, mstarini, Kocha amesimama amefumbata mikono, mgongo kwetu.

"Lakini nasikia hamsemezani."

"Hatusemezani," anasema Sindano. "Kununa ni kununa, na nafasi ni nafasi. Nani amekwambia nimeigawa?"

Muuguzi upande wa pili anaangalia kucha zake na kutabasamu. Mwenye sauti anamfokea mwamuzi.

Yule mpandishaji mdogo anacheza vizuri. Wakati wa mapumziko binti ya Sindano anampelekea maji, anamnong'oneza kitu, anamwonyesha kwa vidole mahali pa kusimama. Sindano anaona yote hayo. Timu ya nyumbani inashinda seti tatu kwa mbili, na wanafunzi wanamiminika uwanjani. Sindano anashuka, anapita hatua mbili tu kutoka kwa Kocha, anamnyooshea binti yake kola ya jezi, anaondoka naye hadi getini. Kocha ameinama anaokota mipira.

Uwanja unapobaki mtupu, mwandishi anamsaidia kufungua wavu. Kupeleka maneno si tabia nzuri, na kwenye kazi hii tunakatazwa. Lakini mwandishi anamweleza habari ya mkoba.

Rungu anaacha kukunja.

"Mkoba wa rangi gani?"

"Kahawia."

"Ulikuwa umewekwa kwenye mapaja au pale penyewe?"

"Pale penyewe. Nilinyimwa nikasimama seti tano."

Ndipo anageuka. Anaitazama ngazi ya tatu, zege tupu na vikombe vya karatasi, kwa muda mrefu kidogo. Anajifuta pua kwa mkono wa fulana.

Mkataba wake unaisha mwisho wa muhula, naye anasema ataomba uongezwe. Anataka kuifikisha timu kwenye mashindano ya kanda. Kuhusu binti habadilishi kitu: atakaa benchi mpaka apandishe mpira vizuri kuliko mwenzake, na mama yake atalijua hilo kama anavyolijua sasa.

"Jumamosi ijayo tunacheza nyumbani tena," anasema. "Kabla ya seti ya tatu kuna mapumziko. Sitapanda kule, na wala sitasema kitu, kazi bado ni kazi. Nitageuka tu, anione nimeona."

Kisha anamkabidhi mwandishi ncha ya pili ya wavu.

"Shika huko. Vuta. Haya, njoo."