Simu Safi Ndiyo Iliyokataliwa

Simu ile niliinunua kwa asali yangu, ya mizinga aliyoniachia baba porini huku Inyonga. Ilikuja na uchafu wake toka kiwandani: matangazo ya kamari, ya dawa za nguvu za kiume, ya wanawake nusu uchi, yanajifungua yenyewe hata mtoto akiwa ameishika. Ukiyafuta asubuhi, mchana yamerudi. Ikawa nzito, inachemka kama pasi.

Fundi wa simu pale Mpanda, binti mdogo kuliko mimi, aliikagua akacheka. "Mama, simu ni nzima. Mfumo ndio takataka." Akaufuta wote, akaweka mwingine wa bure. Nilirudi nyumbani na simu nyepesi, kimya, haina tangazo hata moja. Nilijisikia kama nimemwogesha mtoto mwenye upele.

Furaha haikumaliza mwezi. Mnunuzi wetu wa asali alitaka kila mzinga usajiliwe kwenye programu yake ya simu, picha yake na mahali ulipo. Usiosajiliwa, asali yake haipandi gari lake. Nikaifungua programu. Ikaniandikia: "Kifaa hiki si salama." Ikajifunga.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kaka mmoja akanijibu kwa sauti laini, "Dada, simu yako imechezewa."

"Imechezewa na nani? Ni yangu. Nimeisafisha."

"Rudisha mfumo wa kiwandani, dada, au tumia simu ya mtu mwingine."

Jembe langu nikilibadilisha mpini, hakuna shamba linalolikataa. Simu niliyoitolea jasho, mtu asiyeijua Inyonga ananipangia ndani yake kukae nini!

Mtu mwingine mwenye simu ya kufaa alikuwa shemeji, mdogo wa mume wangu. Kioo kimepasuka, na kila akiigusa linaruka tangazo la kamari. Hiyo ndiyo salama.

"Lete namba yako ya siri ya programu, shemeji," akaniambia anacheka. "Tutazunguka wote porini, unionyeshe mzinga mmoja mmoja."

"Baba mwenyewe hakunionyesha mpaka nimalize kidato cha nne. Wewe umemaliza nini?"

Kwetu mtu hukuachia mizinga kwa kukuongoza kwa miguu, mti kwa mti, na wewe hufungi safari hiyo na mwingine ila utakayemwachia. Kumwambia mnunuzi tu nilikubali shingo upande. Kumwambia na shemeji, mwenye panga na ndoo tupu? Thubutu.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda basi la Mpanda.

"Mama, kweli niurudishe ule uchafu?" fundi akauliza.

"Urudishe."

Alifanya amekunja uso kama anayepakua chakula kilichooza. Programu ikafunguka palepale: "Kifaa chako ni salama. Karibu." Juu ya maneno hayo akatokea mwanamke nusu uchi. Mtoto akanyoosha mkono amguse. Nikaifunika simu kwa kanga.

Wiki ile nilizunguka porini peke yangu na mwanangu. Nikinyanyua simu nipige picha, tangazo linatangulia. Nafuta, napiga. Mzinga wa mwisho, ambao baba aliupandisha mwenyewe akiwa tayari anakohoa, nilisimama chini yake kama mjinga, nikisubiri kamari imalize sekunde zake.