Kibuyu Kisicho na Makaa

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Roret nikichagua viazi, ndipo ile harufu ikanipata. Mama mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia akiuza mursik kwa chupa za soda, na alipofungua moja ili mteja aonje, ule moshi mtamu wenye uchungu kidogo ukanijia puani. Nilisimama na kiazi mkononi. Mwenye viazi akaniuliza kama nanunua ama nimekuja kutembea tu. Nilinunua, nikaenda nyuma ya vibanda, nikakaa pale kitambo nikiwa nimefunika mdomo kwa kiganja. Kufunika mdomo, mtaelewa nikiendelea, ni tabia yangu ya tangu zamani.

Kwa asiyejua, mursik ni maziwa ya mgando ya kwetu Kipsigis, na hayawi mursik mpaka yapitie kwenye makaa. Gogo, mama yake baba, alichoma tawi la mti wa senetwet hadi likawa kaa, akaliingiza ndani ya kibuyu na kulisugua kwenye kuta zake pole pole, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Kisha alimimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akaziba kwa kifuniko cha ngozi, akakiweka kibuyu pembeni siku kadhaa. Yalipomiminwa yalikuwa mazito, yenye mistari ya kijivu. Kila Jumamosi, baada ya kuchuma majani chai kwenye robo eka yake, Gogo alinipa kikombe cha kwanza kabla ya binamu zangu wote. Alisema mimi ndiye mwenye mdomo wa kujua maziwa. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mama yangu hakuzaliwa upande huo. Wazazi wake walikuja kutoka Nyeri wakafungua duka Roret, naye akaolewa ng'ambo ya bonde na baba, ambaye aliendesha lori la majani chai na alikuwa nyumbani kwa nadra. Kikipsigis cha mama kiliishia kwenye salamu, na Gogo hakujua neno la Kikuyu, kwa hiyo wanawake hao wawili walizungumza Kiswahili, kila mmoja na chake. Waliheshimiana kama watu wanaogawana benchi kanisani. Mursik mama alikuwa akiinywa kwa adabu, funda moja, halafu kikombe kinabaki mkononi mpaka wageni wasimame.

Nami nilikuwa mtoto wa kifua. Kwetu mvua hunyesha mchana karibu kila siku, na ukungu huingia ndani ya nyumba bila kubisha. Nilikohoa toka nikiwa na miaka mitatu hadi nikaanza shule. Mama hakuhangaika kupanga foleni hospitalini, maana naye alikuwa amefungua duka lake pale kwetu, na dawa ilikuwa humo, kwenye mkebe kando ya sabuni na njugu: vidonge vya rangi mbili, nyekundu na manjano, ambavyo siku hizo maduka yote yaliuza kimoja kimoja. Alikifungua kwa kucha, akamwaga unga wake kwenye kijiko cha chai yenye sukari, akanishika pua. Ulikuwa mchungu hata sukari ikaona aibu. Lakini kikohozi kilitulia, na mama alikesha nami kila mara, akinipapasa mgongo, na asubuhi akafungua duka macho yakiwa mekundu. Majirani walimsifu kwamba anajua kulea.

Meno ya utoto yalipoanza kung'oka niliyatupa juu ya mabati kama watoto wote, nikaomba mengine mazuri. Yaliyoota yalikuwa ya kijivu, na katikati yana mshipi wa kahawia. Nilidhani ni uchafu. Nilisugua kwa chumvi, kwa limau, hata kwa mchanga wa mtoni hadi fizi zikatoka damu. Siku moja mama alinivuta hadi mlangoni penye mwanga, akanishika kidevu na kunifungua mdomo. Gogo alikuwa amekuja na kibuyu chake na alikuwa ameketi jikoni.

"Ni hiyo makaa," mama alisema. "Mtoto mdogo anakunywa makaa kila wiki, meno itakuwa aje? Mama, naomba usimpee tena."

Gogo alikuwa na meno meupe sana, yote isipokuwa mawili ya chini mbele, ambayo aling'olewa usichanani kama desturi yao ilivyokuwa. Alikuwa amekunywa mursik toka aachishwe ziwa. Nilimtazama nikimngoja acheke tu, tuone meno yake, maneno yaishe. Alimtazama mama, akakiziba kibuyu.

"Kama umesema ni maziwa," alijibu, "basi ni maziwa."

Nilimchukia hapo hapo, ndugu zangu, na sioni haya kusema. Nilikuwa na miaka saba, na mtu niliyempenda kuliko wote alikuwa amekubali kwa mdomo wake kwamba ndiye aliyeniharibu.

Shuleni waliniita Makaa. Jina lilinishika hata mwalimu mmoja aliliita kwa bahati mbaya akisoma majina. Nilijifunza kucheka na mdomo umefungwa, jambo ambalo hutoa sauti kama ya mbuzi aliyekabwa, kwa hiyo nikaacha kucheka kabisa. Kwenye kwaya ya shule ya Jumapili nilihamia safu ya nyuma, nikawa natingisha kidevu bila kuimba. Wakati wa mapumziko nilikaa kwenye ukingo wa shamba la majani chai, nikisikiliza wenzangu wakiruka kamba. Mpweke huhesabu vitu: nilijua idadi ya vichaka vya ile safu kuliko mwenye shamba.

Jumamosi niliendelea kutumwa kwa Gogo, lakini ilikuwa kama kutumwa kwa mtu mwingine. Kwetu anayekataa mursik anakataa nyumba, na mimi niliikataa kwa kiburi, mbele ya watu. Binamu zangu waliketi ndani wakipokezana kikombe na kupakana sharubu nyeupe, mimi nikikaa nje kwenye kibaraza na chai ya rangi. Hakuna aliyenifukuza. Nilikaa huko mwenyewe, nikiwasikia wakicheka, na nilitamani mtu mmoja tu atoke aje kunivuta.

Gogo alitoka. Nilikuwa darasa la tano nadhani. Alinijia na kibuyu kidogo, kipya, akamimina kwenye kikombe maziwa meupe pepepe, hayana hata doa.

"Hii sijaweka makaa," alisema. "Ni yako peke yako."

Msomaji wa mahali pengine hawezi kujua hilo lilimgharimu nini. Kibuyu kisichosuguliwa senetwet ni kibuyu cha mwanamke mvivu. Maziwa yake huchacha vibaya, na shangazi zangu walikuwa wamemcheka jikoni nikisikia, kwamba uzee umemfanya asahau kazi. Naye alisifika kwa mursik hadi Bomet. Nilikitazama kile kikombe, nikafunika mdomo, nikatingisha kichwa. Kisha aliyanywa yeye mwenyewe, yote, yakiwa machachu vile, akarudi ndani. Aliendelea kutengeneza kibuyu hicho muda mrefu, nami sikuwahi kukionja. Alifariki nikiwa kidato cha pili.

Miaka miwili iliyopita ndipo nilipoingia kwa daktari wa meno mjini Kericho, kwa sababu ya jino la nyuma lililokuwa likiniuma. Alikuwa kijana mpole. Alitazama, akaniuliza kama nilipewa dawa nyingi za kifua nikiwa mdogo, vidonge vya rangi mbili. Akanieleza kwamba dawa ile huingia ndani ya jino likiwa bado linajijenga chini ya fizi, na haitoki, na ndiyo maana watoto wadogo hawapewi tena. Nikamuuliza kuhusu makaa ya mursik. Akacheka kwa upole na kusema yeye mwenyewe amelelewa nayo. Meno yake yalikuwa meupe. Nililia kwenye kile kiti, naye akadhani ni jino la nyuma, akaniongezea ganzi.

Mama sasa ni mzee, na duka ameliachia mke wa kaka yangu. Jioni ya siku ile ya daktari nilifika kwake, tukamenya maharagwe pamoja. Aliuliza daktari amesemaje. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, lakini nilipoiona ile mikono iliyonipapasa mgongo, maneno yakapungua.

"Amesema si maziwa," nikamwambia.

"Ni nini basi?"

"Hakujua."

Alimenya ganda moja, la pili, la tatu.

"Gogo yako alijua si maziwa?"

"Alijua, mama."

"Na akaniacha niseme vile," alisema, akaweka karai chini, akajipangusa macho kwa ncha ya leso.

Tulimalizia maharagwe yaliyobaki, mimi na yeye, hadi giza likaingia. Utotoni nilidhani Gogo alinyamaza kwa sababu alikuwa na hatia, na nilipokua kidogo nikadhani ni kwa sababu hakuwa na la kujibu. Alikuwa nalo, mdomoni mwake, la kuonyesha tu. Alichokiona siku ile ni mama kijana, mgeni katika nyumba ile, anayetafuta kitu cha kulaumu kabla hajajilaumu mwenyewe, naye akampa kibuyu chake. Na mimi akanipoteza.

Vile vidonge sijamtajia mama hadi leo.