Kilio cha Cheni kutoka Lodwar hadi Kakuma

Mama Furaha alinipigia simu Jumatatu jioni kuniambia kwamba jina lake limetoka. Watu wa Kakuma wanajua maana ya maneno hayo. Kanada ilikuwa imemkubali, na Ijumaa asubuhi basi lingekuja kumchukua yeye na binti yake kuwapeleka mahali pa kusubiri ndege, ambako mgeni haruhusiwi kuingia. Tulifundisha naye shule moja ya msingi katika kambi ya wakimbizi kwa miaka mingi kabla sijahamia Lodwar, yeye Mkongo na mimi Mturkana, tukitumia meza moja na birika moja la chai. Nilimwambia ningefika kabla hajaondoka.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma kuna lami, na magari hupita kila siku. Mtu mwenye akili angepanda gari. Mimi nimeolewa na Baba Akiru.

Mume wangu alistaafu kazi ya maji, daktari akamshauri afanye mazoezi kidogo, naye akaelewa kwamba ameteuliwa kuwa mwanamichezo wa taifa. Alinunua baiskeli mbili kuukuu, yake na yangu, na Jumapili moja akasimama kanisani kutangaza kwamba siku si nyingi tutaendesha hadi Kakuma. Watu walipiga makofi. Makofi ni kitu cha hatari sana kumpa mtu aliyestaafu. Niliposema nakwenda kumuaga rafiki yangu, alichosikia yeye ni kwamba siku imewadia.

Jumanne alasiri, uani kwetu, tulizitayarisha baiskeli, kila mtu kwa imani yake. Baba Akiru alikuwa amepewa oili chafu na fundi wa pikipiki, ile nyeusi iliyokwisha kutumika ndani ya injini. Aliimimina juu ya cheni mpaka ikadondoka chini na kuku wakaikanyaga. Hakupangusa vumbi kwanza, maana alisema oili yenyewe ingelisukuma lote nje. Mimi nami nilikuwa na elimu yangu. Nilijua kwamba mafuta hushika mchanga, na kwamba kitu kichafu huoshwa. Nikaiosha baiskeli kama sufuria, kwa sabuni ya unga na waya wa kusugulia, kisha nikarusha maji ya ndoo kwa nguvu katikati ya magurudumu, pale penye gololi. Grisi yote iliyokuwa humo ikatoka ikaenda zake. Nikaianika juani kama shuka, na sikuitia hata tone moja la mafuta. Iling'aa kweli. Baba Akiru aliitazama akasema imeiva, bado chumvi tu. Nikamwambia yake bado kiberiti tu.

Jumatano alfajiri tuliiacha Lodwar nyuma yetu, upepo ukitusukuma mgongoni. Kwa muda mfupi tulikuwa watu wa kuonewa wivu. Jua lilipopanda, cheni yangu ikaanza kulia. Mwanzoni ilikuwa sauti ndogo kama ya panya, nami nikajifanya sijaisikia. Baadaye ikawa sauti ya punda aliyefiwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya barabara alisimama akatungoja tumfikie. Tulisalimiana, ejok, ejok, kisha akainama akaitazama baiskeli yangu kwa huruma.

"Huyo mnyama wako ana kiu," alisema.

Baba Akiru alicheka kwa kilomita kadhaa. Alinyamaza tulipofika kwenye laga, mto mkavu ambao mafuriko yake yalikuwa yamekula lami, ikabidi tusukume baiskeli ndani ya mchanga. Upepo ulikuwa umeshika kasi. Tulipotokea ng'ambo, kila punje ya mchanga iliyokuwa ikitafuta makao ilikuwa imeyapata kwenye oili yake. Cheni ilikuwa imenenepa, imefunikwa na kitu kama ugali mweusi, na ilisaga kama kinu cha posho mili. Tukaendelea hivyo, mimi nikilia na yeye akisaga. Nilimtazama tu mara kwa mara na kutabasamu, kama mke mwema anavyopaswa kufanya.

Jioni hiyo tulilala kwa Lokwawi, binamu ya mume wangu, mwenye duka dogo kando ya barabara. Alitupokea vizuri sana, akatupa maji, nyama na ushauri. Maji na nyama vilitufaa. Ushauri ulikuwa kwamba cheni zote mbili zinahitaji mafuta ya mbuzi, ambayo hulainisha ngozi na kwa hiyo hayawezi kushindwa na chuma. Hajawahi kumiliki baiskeli, lakini alilisema jambo hilo kwa uhakika kiasi kwamba sisi, kwa uchovu, tulikubali akazipaka mwenyewe. Alhamisi asubuhi tulikuta mbwa wake wakizilamba. Kusema kweli, hao ndio walikuwa wa kwanza katika safari ile kuzisafisha baiskeli zetu bila kuleta nadharia.

Kabla ya adhuhuri, kwenye kilima kidogo, cheni ya Baba Akiru ilikatika. Alikuwa amesimama juu ya pedeli akikanyaga kwa nguvu zake zote, kwa hiyo alikwenda chini mzima mzima. Goti lilichunika na kiganja kikatoboka kidogo. Nilimfunga goti kwa leso yangu. Alikaa juu ya jiwe, akaitazama barabara iliyobaki, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu nilimwona amechoka.

"Nenda wewe," alisema. "Ukinisubiri hapa, utamkosa Mama Furaha. Sitaki unikumbuke kwa hilo."

Nilipanda baiskeli nikaenda. Sikufika mbali, kwa sababu gurudumu la nyuma, lile nililolirushia maji, lilikwama kabisa. Gololi zilikuwa zimekauka na kusagana mpaka likakataa kuzunguka. Nikageuka, nikaiburuta hadi kwenye jiwe lake, nikaketi pembeni yake. Hakuniuliza kitu. Nadhani huo ndio wema mkubwa zaidi aliowahi kunifanyia katika ndoa yetu.

Tulikaa pale muda mrefu. Nilihesabu moyoni kila gari lililopita limejaa, na nilianza kuamini kwamba rafiki yangu angeondoka bila mimi kumwona, kwa sababu ya sabuni ya unga. Hatimaye lori la mbuzi lilisimama. Dereva alishuka, akauliza kama zile baiskeli ni zetu. Sote wawili tulisita kabla ya kujibu.

Hivyo ndivyo sisi wanamichezo tulivyoingia Kakuma alasiri hiyo, tumesimama katikati ya mbuzi.

Kwa Mama Furaha nyumba ilikuwa nusu tupu. Sufuria alikwisha kuzigawa, na majirani walikuwa wameketi kando ya ukuta wakilia kwa zamu. Yeye alikuwa katikati yao, mkavu wa macho, ameshika mikono yake kama mtu aliyenyang'anywa kazi. Aliponiona alinikumbatia kwa muda mrefu. Kisha akaona baiskeli kule nyuma yangu, na uso ukabadilika. Yeye alikuwa akienda shuleni kwa baiskeli miaka yote ile, na alishaharibu cheni nyingi kabla hajazoea.

"Nani aliua hizi?" aliuliza.

Nilimwambia tulisaidiana.

Alifunga kanga kiunoni, akaagiza ndoo ya maji, na majirani wakaacha kulia ili watazame. Jirani mmoja ambaye ni fundi aliunga cheni iliyokatika, akafungua gurudumu langu na kuzitia gololi grisi mpya. Yaliyobaki tuliyafanya sisi watatu. Tulizipindua baiskeli zikasimama kwa kiti na usukani. Tulianza kwa brashi kavu, vumbi lote likatoka kabla ya kitu chochote chenye majimaji kugusa. Kisha cheni tuliisugua kwa tambara lenye mafuta taa kidogo, na meno ya gia kwa mswaki wa zamani, mpaka ule ugali mweusi ukaisha. Maji ya sabuni yalipita kwenye fremu tu, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Kila nilipoinua kopo kutaka kurusha maji, alinishika mkono. Tukakausha kwa kitambaa kingine, tukaziacha kivulini.

Mafuta yalikuja mwisho, yale mepesi ya cherehani. Baba Akiru alizungusha pedeli kinyumenyume polepole, naye Mama Furaha akatia tone moja katika kila kiungo, upande wa ndani wa cheni. Tukanywa chai ili mafuta yaingie. Kisha akampa mume wangu tambara na kumwambia apanguse yote. Mume wangu alishangaa. Yametiwa ili yatolewe?

"Mafuta ni ya ndani, Baba," alimwambia. "Ile ya inje unapangusa. Ukiiacha, mchanga inakuja kukaa."

Rimu na breki alikataza zisiguswe na mafuta hata kidogo, kama tunapenda meno yetu. Kwa nchi yetu ya vumbi, alisema, kazi hii ni ya kila Jumamosi, na siku yoyote uliyopita kwenye mchanga unapangusa cheni kabla ya kula. Ukivuka maji, unakausha na kutia mafuta siku ileile. Na usingoje sauti: cheni ikianza kulia, umeshachelewa.

Alikuwa akiongea huku ameinama kwenye gurudumu, na sauti haikubadilika aliposema lile lingine.

"Banasema kule hakuna mtu anaingia kwako bila kupiga simu. Sasa nitaamuka, nifanye nini?"

Nilichukua tambara nikaendelea kupangusa pale palipokwisha kupanguswa.

Ijumaa asubuhi basi lilikuja. Tulishikana mikono, na kucha zetu zote zilikuwa bado nyeusi. Furaha, binti yake, alimshika bega, wakapanda. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Kurudi Lodwar upepo ulikuwa usoni, na kila laga tulisukuma, tukapangusa, tukaendelea. Kwa Lokwawi tulilala tena, tukamshukuru kwa nyama. Baiskeli hazikutoa sauti. Baba Akiru hakutangaza chochote Jumapili iliyofuata, jambo ambalo kanisa lilistahili.

Nilichojifunza ni kidogo, na kinaudhi. Mume wangu alikuwa sahihi kwamba cheni inataka mafuta, nami nilikuwa sahihi kwamba mafuta hushika mchanga, na kila mmoja alikuwa ameikumbatia nusu yake mpaka ikatuangusha. Siku hizi Jumamosi alasiri tunaketi uani na brashi, tambara na kichupa cha mafuta ya cherehani. Tunabishana kama kawaida, lakini mikono yetu inafanya kazi ileile.

Jumamosi moja Mama Furaha alipiga simu. Alisema yuko sawa, nyumba ina joto, nje kuna theluji.

"Hapa hakuna vumbi, dada," alisema. "Sina kitu cha kupangusa."

Nilimwambia angoje. Niliisogeza simu karibu na gurudumu la nyuma la baiskeli ya Baba Akiru, naye akalizungusha kwa nguvu kisha akaliachia. Likazunguka peke yake, tik tik tik tik, mpaka likasimama.

"Rudia," alisema Mama Furaha.

Tukarudia.

"Sauti iko laini sana. Baba Akiru ametia mafuta mingi tena," akasema, na nikamsikia akicheka.