Maganda Yaliyolala Kwenye Ndimu

Nakumbuka siku moja kule Mbau, wakati wa vita, nilipotoka nyumbani na shati safi na maganda ya risasi mfukoni, nikijiona mkwe tayari.

Mwanangu, barabara zilikuwa zimefungwa, na risasi za kuwindia hazikuonekana tena madukani, Butembo wala Beni. Nguruwe pori walilijua hilo mapema. Waliingia mashamba ya mihogo kama wageni walioalikwa. Mtu mmoja tu aliwatia hofu: Papa Kambale, baba yake Masika, msichana niliyetaka kumuoa. Alikuwa na bunduki kuukuu na maganda machache ya shaba ya manjano, ambayo kila baada ya kufyatua aliyajaza upya mwenyewe. Aliyatunza kuliko viatu vyake vya misa. Alinipa niyaoshe kwa maji na majivu, basi. Nilielewa kwamba ananipima.

Lakini nilikuwa nimesoma sekondari, na nilikumbuka kwamba asidi husafisha shaba. Nikakamua ndimu sufuria nzima, nikayalaza humo maganda, nikaenda kulala nikitabasamu. Asubuhi yalikuwa mekundu, rangi ya masikio ya sungura mchanga! Nikadhani ndiyo rangi yao ya kweli, uchafu uliificha.

Masika alikuwa uani kwao akimenya mihogo.

“Muhindo, uko naleta hereni za nani?”

“Ni maganda ya papa yako. Nimeyafanya mupya.”

Alichukua moja, akalinusa, akacheka mpaka kisu kikamwanguka. “Ndimu! Umezipika kama samaki!” Kisha kicheko kikakatika. “Muhindo, shaba ikikuwa nyekundu hivi imekufa. Itapasuka karibu na macho ya papa. Na yeye hapana kuona rangi muzuri tena.”

Hapo Papa Kambale akaingia kutoka shambani. Alininyang'anya maganda kwa furaha, akayapapasa, akasifu yalivyo laini, akaketi jikoni penye moshi. Mwanangu, nilijua nikisema nimempoteza Masika. Nikanyamaza. Mkono wa Papa ulikwenda kwenye kopo la baruti, ukafungua kifuniko. Kunyamaza kule kulikuwa kufupi, lakini mpaka leo ninajilaumu kwako na kwa Mungu.

“Papa, acha,” nikasema. “Nimeyaharibu. Niliyatia ku ndimu.”

Akatoka nayo juani, akayasogeza karibu na macho. Akabana moja kwa koleo. Likapasuka kama ganda la karanga. Masika alijifanya anamenya mihogo iliyokwisha kumenywa.

“Donc, basi,” akasema mwishowe, “ulitaka kuniua, mais kisha ukabadilisha mawazo.”

Akacheka, akacheka, akalishika bega langu asianguke. “Mukwe anayeharibu, niko nao wengi wanaomutafuta binti yangu. Anayekuja kusema mbele ya baruti, huyu ni wa kwanza. Sasa risasi hakuna. Sauti yako ndiyo itakuwa bunduki yetu.”

Basi msimu ule wote nililinda mihogo kwa kupiga debe na kuimba vibaya, na nguruwe walikimbia uimbaji wangu. Masika aliniletea chakula shambani, akibaki kusikiliza kidogo. Adhabu ikawa tamu. Na yale maganda mekundu, Papa aliyatoboa, akaning'iniza misumari ndani yakawa kengele, akayafunga shingoni mwa mbuzi wangu wa mahari. Tulipopita barabarani, Mbau nzima ilitoka kutazama mbuzi wanaolia kama kanisa dogo. Kengele moja iko mlangoni petu hadi leo. Mjukuu akiingia, inalia.

Mwanangu, kitu cha mwenzio kikigeuka rangi mikononi mwako, usikifute king'ae. Kipeleke kwake hivyohivyo, ukaseme ulichofanya, tena useme kabla kifuniko cha kopo hakijafunguliwa. Mimi nilichelewa, nikasamehewa. Mungu akulinde macho na mikono. Akupe mtu wa kunusa makosa yako na kuyacheka, na mlango wako usikose anayeugonga kwa furaha.